Umeme wa Gari la Zamani: Pima Waya Kabla Hujanunua Kifaa

Ukiwa na gari lililovuka miaka 20, siku yoyote unaweza kulikuta limejifunga milango lenyewe, au limekataa kujifunga, au taa ya ndani inawaka tu wala hakuna mlango uliofunguliwa. Na kabla hujamaliza kueleza, atatokea mtu wa kukwambia ununue kompyuta ya milango, au mota mpya, au betri mpya. Gari langu ni la mwaka 1997, na umeme wake karibu wote nimeushika kwa mikono yangu. Msimamo wangu ni huu: katika gari la umri huo, kifaa chenyewe ndicho kiwe cha mwisho kushukiwa. Kwanza shuku njia inayokifikishia umeme. Waya unaokunjwa kila mlango unapofunguliwa, boliti inayoshika ethi (waya wa kurudishia umeme) kwenye bati, pini ya soketi iliyoota ukoga wa kijani: huko ndiko umeme unakopotelea.

Sisemi kwamba vifaa haviharibiki. Vinaharibika. Lakini hebu fikiria mota ya kitasa. Imekaa ndani ya mlango, imefunikwa, na kila inapoitwa hufanya kazi kwa muda usiofika sekunde 1, kisha inapumzika. Waya unaoilisha haupumziki hivyo. Mlango wa dereva unaofunguliwa mara 6 kwa siku, katika miaka 25 utakuwa umefunguliwa zaidi ya mara 50,000, na kila mara nyaya zilezile zimekunjwa mahali palepale. Shaba haina uvumilivu wa namna hiyo.

Basi tuanze na betri, kwa sababu hakuna kipimo kingine kitakachoaminika kama betri ni dhaifu. Betri ya volti 12 ina seli 6, na ikiwa imejaa na imetulia saa kadhaa bila kuguswa, mita itasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki na nusu tu ya chaji. Ikishuka chini ya 12, hiyo imeisha. Injini ikiunguruma, kwenye vichwa vya betri upate kati ya volti 13.8 na 14.5. Ukiona 12 na kitu huku injini inafanya kazi, alteneta haichaji. Na wakati stata inazungusha injini, betri yenye afya haitakiwi kuporomoka chini ya volti 9.6 hivi. Vipimo hivi vitatu havihitaji hata kufungua boliti moja, navyo vinaondoa nusu ya ubishi. Magari ya miaka ya 1990 yana visanduku vya udhibiti vinavyoanza kuweweseka volti zikipungua. Vitasa vinacheza, saa inajirudisha sifuri, taa za dashibodi zinawaka ovyo, kisha mtu anafungua dashibodi nzima kumbe shida ilikuwa betri iliyochoka.

Betri ikishapita mtihani, nenda kwenye ethi. Hapa nataka kukaa kidogo, maana ni mahali panapodharauliwa kuliko pote.

Gari hutumia bati lake kama waya wa kurudishia umeme. Waya wa moto unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi na swichi, unafika kwenye taa au mota, kisha umeme unarudi kwa njia ya bodi hadi kwenye upande hasi wa betri. Kila njia ya kurudi imefungwa kwa boliti mahali fulani: chini ya betri, nyuma ya taa za mbele, pembeni mwa miguu ya dereva chini ya zulia, ndani ya buti karibu na taa za nyuma. Kuna pia waya mnene au utepe wa shaba iliyosukwa unaounganisha injini na bodi. Baada ya miaka, kutu hujipenyeza kati ya bati na pete ya waya. Boliti bado imekaza, kwa macho kila kitu ni kizima, lakini mguso umekufa nusu.

Dalili zake zinashangaza kama hujui kinachoendelea. Unakanyaga breki, indiketa ya upande mmoja inawaka kwa mbali. Unawasha taa ndogo, taa ya breki inapungua nguvu. Sababu ni kwamba umeme uliokosa njia ya kurudi unapitia kwenye globu za jirani, kupitia nyuzi zao, kutafuta ethi nyingine. Globu ni nzima, swichi ni nzima, ethi ya taa ile ndiyo iliyokufa. Na utepe wa injini ukikatika, mkondo mkubwa wa stata unaweza kupitia kwenye kebo za gia au za mafuta hadi zikapata moto. Nikiona kebo ya namna hiyo imebabuka plastiki yake bila sababu, jambo la kwanza ninalolitazama ni utepe huo.

Namna ya kuipima ethi ni kupima volti zinazopotea njiani, na kipimo hiki hufanywa wakati kifaa kinafanya kazi. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC). Waya mmoja wa mita ushike kwenye kichwa hasi cha betri, wa pili ushike kwenye pini ya ethi ya kifaa chenyewe. Washa kifaa. Ukisoma chini ya volti 0.1 au 0.2, njia ya kurudi ni safi. Ukisoma 1 au 2, hizo volti zinaishia kwenye kutu. Fungua boliti, kwangua mpaka bati ling'ae, funga tena, paka grisi au vaselini kwa nje ili unyevu usirudi. Pima upya palepale, usikisie.

Nasisitiza kupima kifaa kikiwa kinafanya kazi kwa sababu mita inaweza kukudanganya vibaya sana kifaa kikiwa kimezimwa. Mita ya kisasa haivuti umeme wowote wa maana. Waya wenye nyuzi 20 ambazo 19 zimekatika na mmoja unagusana kwa shida utaonyesha volti 12.6 kamili, kwa sababu ule uzi mmoja uliobaki unatosha kuilisha mita. Upe kazi ya kulisha mota ya kitasa, ambayo inataka ampea kadhaa, na waya uleule unaanguka. Kiungo chenye ukinzani wa nusu ohm tu, kikipitisha ampea 5, kinakula volti 2.5. Kwa hiyo kwenye sanduku langu la zana, kando ya mita, kuna taa ya kupimia iliyotengenezwa kwa globu ya indiketa ya wati 21 na nyaya mbili zenye klipu. Inavuta karibu ampea 1.75. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, waya ni mzima kweli. Ikiwaka kinyonge wakati mita ilisema 12.6, umepata mgonjwa wako. Tahadhari moja: taa hiyo isiguse kamwe nyaya za kompyuta ya injini wala za mikoba ya hewa (airbag), kwa sababu mkondo wake ni mkubwa mno kwa saketi hizo. Kwenye kompyuta ya injini tumia mita; mikoba ya hewa usiiguse kabisa.

Sasa tuje kwenye sentro loki yenyewe, yaani mfumo wa kufunga milango yote kwa pamoja.

Si magari yote ya zamani yanayofunga milango kwa mota. Mercedes-Benz nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitumia mvuto wa hewa: mirija membamba inakwenda kwenye kila mlango, na ndani ya mlango kuna kiwambo cha mpira kinachovutwa au kusukumwa. Huko ugonjwa mkubwa ni mpira kupasuka na hewa kuvuja. Pampu inalia muda mrefu kuliko kawaida, vitasa vinapanda polepole au haviendi kabisa, na dawa ni kuziba mrija wa mlango mmoja baada ya mwingine mpaka umjue anayevujisha. Sitaendelea na hizo, zina ulimwengu wake.

Magari mengi mengine hutumia mota ndogo ya umeme yenye gia za plastiki katika kila mlango. Ikipata moto kwenye waya wa kwanza na ethi kwenye wa pili, inavuta kitasa. Ukibadilishana moto na ethi, inakisukuma. Ni nyaya mbili tu. Mota ya mlango wa dereva katika mifumo mingi ina nyaya 5, kwa sababu imebeba pia swichi inayoviambia vitasa vingine nini cha kufanya. Na ndani ya kisanduku cha udhibiti kuna rilei mbili (swichi zinazovutwa na koili ya sumaku-umeme), moja ya kufunga na nyingine ya kufungua. Mfumo ukiwa umetulia, nyaya zote mbili za mota huwa zimeunganishwa na ethi kupitia rilei hizo. Hili lina maana kubwa. Ukipima waya mmoja wa mota dhidi ya bodi ukakuta ethi, usiseme umepiga shoti. Ndivyo ulivyotengenezwa.

Ukishaujua mpangilio huo, gari lenyewe linakuwa linakujibu maswali kabla hujashika bisibisi. Milango yote imekataa? Basi tatizo liko mahali ambapo milango yote inakutana: fyuzi, rilei, ethi ya kisanduku cha udhibiti, au swichi ya dereva. Mlango mmoja tu umekataa pande zote mbili, haufungi wala haufungui? Tazama nyaya zinazoingia kwenye mlango huo, kisha mota yake.

Lakini kuna jibu moja ambalo mafundi wengi hulipita bila kulisikia. Mlango mmoja unafunga vizuri na haufungui. Watu wanaruka kwenye nyaya. Tafakari kidogo: nyaya zilezile mbili ndizo zinazobeba amri ya kufunga na ya kufungua, zinabadilishana tu moto na ethi. Waya ukikatika, pande zote mbili zinakufa pamoja. Haiwezekani waya uliokatika uruhusu kufunga na ukatae kufungua. Kwa hiyo mlango mmoja ukifanya hivyo, geukia upande wa vyuma: kitasa kimekauka grisi, fimbo imepinda, au mota imechoka na haina tena nguvu ya kushinda upande ulio mzito. Isipokuwa gari lako liwe ni lile linalofungua mlango wa dereva peke yake kwanza, maana hapo mlango huo una rilei yake na hesabu inabadilika. Na ikiwa ni milango yote inayofunga na kukataa kufungua, rudi kwenye rilei ya kufungua au waya mwembamba unaobeba amri hiyo kutoka kwa dereva. Nimetumia hoja hii kuliko kifaa chochote cha kupimia, na ndiyo sababu naamini kuelewa saketi kunazidi kuwa na mashine ya bei kubwa.

Kuthibitisha ni rahisi. Toa paneli ya mlango, chomoa soketi ya mota, unganisha ile taa ya kupimia kati ya nyaya mbili za upande unaoleta umeme. Mtu mwingine abonyeze swichi. Taa imulike mara moja wakati wa kufunga na mara moja wakati wa kufungua, kwa kuwa globu ya uzi haijali moto umetoka upande gani. Mita huwa nzito kwa kazi hii, amri imekwisha kabla tarakimu hazijatulia. Taa ikimulika kwa nguvu pande zote mbili, umeme unafika na sasa una ruhusa ya kuishuku mota. Hata hapo, ondoa kwanza fimbo inayounganisha mota na kitasa, ukisukume kitasa kwa kidole. Kikiwa kigumu kwa kidole, mota mpya nayo itakufa mapema. Safisha grisi iliyoganda kwa kiyeyushi, paka grisi nyepesi. Oili ya injini usiiweke humo, inanasa vumbi na kugeuka tope. Na usibonyeze swichi mfululizo bila kupumzika, baadhi ya visanduku vya udhibiti hugoma kwa muda ili kulinda mota zisiungue, ukadhani umepata hitilafu mpya.

Rilei nazo zina maneno yao. Kwenye rilei nyingi utaona tarakimu 30, 85, 86, 87, na pengine 87a. Zinatoka katika viwango vya Ujerumani vya DIN 72552, lakini watengenezaji wengi duniani wanazitumia. 85 na 86 ni koili, 30 ni moto unaoingia, 87 ni unaotoka rilei ikivuta, 87a ni unaotoka rilei ikiwa imelala. Kusikia rilei inagonga kunathibitisha kwamba koili yake ni nzima, basi. Vidole vya ndani vinaweza kuwa vimeungua visipitishe kitu. Na zile rilei zilizochomelewa kwenye bodi ya kisanduku cha udhibiti huwa na ugonjwa wa solda kupasuka: ukiweka kioo cha kukuzia utaona pete nyembamba nyeusi ikizunguka mguu wa rilei. Kuipitishia solda upya ni kazi ya dakika chache kwa aliyezoea, na kisanduku kilichotangazwa kufa kinafufuka.

Kwenye gari langu, haikuwa kisanduku. Dalili zilikuja kwa mkupuo: milango ikijifunga yenyewe gari likiwa limesimama, taa ya ndani ikiwaka ninapopita kwenye matuta, kioo cha dereva kikiteremka na kugoma kupanda. Fundi mmoja alikwisha kuamua kisanduku cha udhibiti kibadilishwe. Mimi nilichukua dalili zote nikaziandika kwenye karatasi, na zilipokaa pamoja zilionekana kuwa na kitu kimoja cha kushirikiana. Zote zinapitia nyaya za mlango wa dereva. Niliufungua mlango, nikamwomba mwenzangu aendelee kubonyeza swichi ya vitasa, nami nikawa nauzungusha mlango polepole kutoka kwenye kufungwa hadi kwenye kufunguka kabisa. Katika pembe fulani kila kitu kilifanya kazi. Nikiusogeza kidogo, kimya.

Kati ya mlango na nguzo ya bodi, karibu na bawaba, kuna mpira wenye mikunjo unaopitisha nyaya. Chomoa ethi ya betri kwanza, halafu bandua mpira huo upande wa bodi na uusogeze nyuma. Katika magari mengi utakuta nyaya 10, 20 au zaidi zimefungwa tepu pamoja. Fungua tepu. Usitegemee macho peke yake, kwa sababu mara nyingi ganda la plastiki ni zima na shaba ndani imekatika. Shika kila waya kwa vidole viwili, sehemu mbili zilizoachana kidogo, uvute taratibu. Waya mzima unakataa. Uliokatika ndani unarefuka kama utumbo, kwa kuwa kilichobaki ni plastiki tupu. Kwangu ulirefuka waya wa kahawia, ethi ya mlango, na waya mwembamba wa amri ya vitasa. Nyingine mbili maganda yalikuwa yamepasuka na shaba zikigusana. Hapo ndipo yale maajabu yote yalipopata maelezo: umeme wa waya mmoja ulikuwa unaingia kwenye mwingine, na kisanduku cha udhibiti, ambacho kilikuwa kizima, kilikuwa kinatii amri ambazo hakuna mtu aliyezitoa.

Kutengeneza mahali hapo kunataka utulivu. Kukata na kusokota nyaya kisha kuzungushia tepu hakutafika mbali. Kata sehemu yote iliyochoka, si pale palipokatika tu, na uweke kipande kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba. Unene uwe uleule au uzidi kidogo: nyaya za amri nusu hadi robo tatu ya milimita ya mraba zinatosha, nyaya za mota ya kioo ni 1.5 hadi 2.5. Viungo vyako viwe nje ya mkunjo, kimoja ndani ya bodi na kingine ndani ya mlango. Sababu ni kwamba solda hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu pembeni mwa kiungo, na waya mgumu ukikunjwa unakatika hapohapo. Kama huna uhakika na solda yako, tumia viungo vya shaba vya kubana kwa koleo lake maalumu. Kila kiungo kivishwe mpira wa kusinyaa kwa joto, na viungo visipangwe usawa mmoja, la sivyo fungu linavimba na haliingii kwenye mpira. Na ukishafika humo, badilisha nyaya zote zilizoanza kukakamaa. Zina umri mmoja na zimekunjwa mara zilezile.

Nyaya zenye ganda au soketi ya njano ziache. Katika magari mengi hiyo ni rangi ya mikoba ya hewa, na saketi yake hulipuka kwa mkondo mdogo sana. Hata mita usiichomeke huko.

Kuna jambo lililounganika na vitasa ambalo watu hulitibu kama ugonjwa tofauti: betri kuisha usiku. Vitasa vingi vya miaka ya mwisho ya 1990 vina swichi ndogo sana ndani yake, inayoliambia gari kama mlango uko wazi au umefungwa. Swichi hiyo ikikwama, gari linaamini mlango uko wazi milele. Taa ya ndani haizimi, au inazima kwa kuwa ina saa yake lakini visanduku vya udhibiti havilali. Taa ya wati 5 peke yake inakula karibu ampea 0.4, yaani kama ampea-saa 10 kwa siku. Betri ya ampea-saa 60 itakuwa imepoteza nusu yake ndani ya siku 3. Ukinunua betri mpya, nayo itaisha hivyohivyo.

Kipimo chake: chomoa waya hasi wa betri na uweke mita katikati, kwenye tundu la ampea 10. Usiwashe gari wala usifungue mlango mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita. Kabla ya hapo fungua mlango mmoja na boneti, kisha ufunge kitasa cha mlango ulio wazi kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Ukimaliza vuta mkono wa mlango ukiachie kitasa kabla hujaubamiza, maana utakivunja. Subiri. Visanduku vingine vinalala baada ya dakika chache, vingine vinachukua nusu saa na zaidi. Gari zima lenye afya likilala linakula miliampea 20 hadi 50. Likikaa kwenye 400, kuna kilicho macho.

Ili kukijua, kuna njia ninayoipenda kuliko ya kuchomoa fyuzi mojamoja, kwa kuwa kuchomoa na kurudisha huwaamsha walioanza kulala. Fyuzi za kubana zina vidoto viwili vya chuma mgongoni. Weka mita kwenye milivolti na uguse vidoto hivyo. Fyuzi isiyopitisha mkondo inasoma sifuri. Inayopitisha inasoma sehemu ya milivolti au milivolti chache, na hiyo ndiyo saketi ya kuifuatilia. Fyuzi zote zikiwa kimya na mkondo bado upo, ikague alteneta, kwa sababu haipitii kwenye kisanduku hicho na diodi zake (zinazopitisha umeme upande mmoja tu) zikifa huvuta umeme kutoka kwenye betri gari likiwa limezimwa.

Kuhusu rimoti sina mengi. Kama ufunguo wa kawaida au swichi ya ndani vinafunga milango yote, sentro loki ni nzima na shida ni rimoti au kipokezi chake. Badilisha betri yake, mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, kagua solda chini ya vitufe, kisha fuata utaratibu wa gari lako wa kuzikutanisha tena. Ukinunua rimoti iliyotumika angalia masafa: magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi hutumia megahezi 315 na ya Ulaya 433.92, na hizo mbili hazisikilizani.

Maji, kwa upande mwingine, yanastahili hofu. Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji wenye matundu ya kutolea maji, na kwenye paa lenye dirisha kuna mirija inayoshuka ndani ya nguzo. Majani yakiziba, maji yanaingia kwenye kisanduku cha fyuzi au chini ya zulia, na magari kadhaa yana kisanduku cha udhibiti hukohuko chini. Bonyeza zulia kwa mkono miguuni mwa dereva na abiria. Likiwa na unyevu, acha umeme kwanza, tafuta maji yanakoingilia. Ndani ya mlango maji huingia kwa kawaida na kutokea matundu ya chini. Kinachokinga umeme na paneli ni ile karatasi ya plastiki iliyobandikwa ndani. Naiona imechanwa na kutupwa katika magari mengi yaliyopita mikononi mwa watu wenye haraka. Ibandue taratibu, uirudishe na gundi yake, kila pembe.

Na fyuzi. Rangi zake zina maana: kahawia 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Ukubwa wake umechaguliwa kulingana na unene wa waya. Fyuzi ya 10 ikiungua mara kwa mara na mtu akaweka ya 30, au akazungushia waya, hajatengeneza kitu. Ameuambia waya uwe ndio fyuzi, na waya huo umepita chini ya zulia na nyuma ya viti. Magari yameteketea kwa jambo hili. Fyuzi ikiungua weka taa ya kupimia mahali pake, ukiwa umezima na kuchomoa vifaa vyote vya saketi hiyo. Taa itawaka kwa sababu ya shoti bila kuunguza kitu, nawe utaendelea kutikisa na kukunja nyaya mpaka izime. Pale ulipokuwa umeshika ilipozima, ndipo penye shoti.

Kwenye gari langu kilichobaki sasa ni mpira wa nyaya za mlango wa buti. Taa ya kibao cha namba imeanza kuwaka na kuzima ninapoufunga, na kitasa cha buti mara nyingine hakisikii amri wakati milango minne inaitika vizuri. Nyaya za humo zinakunjwa kwa pembe kali kuliko za mlango wa dereva. Nimeshakata vipande vipya vya urefu wa kutosha ili viungo vikae nje ya bawaba pande zote mbili, nikaandika rangi na unene wa kila waya kabla sijakata chochote. Nitaanza na ethi, kwa kuwa taa hiyo na kitasa hicho vyote vinautegemea waya huo mmoja.